Jenerali Asiye na Nyota

Chumbageni, Tanga
12 Januari 2025

Mdogo wangu Mwanabaraka,

Assalaam alaykum. Naomba karatasi hii ikukute mzima, wewe na Riyadh mwanao, na baridi ya huko isiwe imekuingia kwenye viungo. Huku tupo. Goti langu la kushoto limeacha kunitii, lakini la kulia bado lina nidhamu. Wifi yako anakusalimu, anauliza kama yale mafuta ya karafuu yalifika au yameishia njiani kama mambo mengine.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu nimeiacha kwa mambo ya maana. Ile sauti niliyokurekodia mwezi wa kumi ilisikika mpaka Pemba, na sikumtumia mtu mwingine ila wewe. Sikulaumu. Nasema tu kwamba bahasha ikifunguliwa inaonekana. Hii nimeishona kwa uzi mweusi, mishono saba. Ihesabu kabla hujaikata.

Sasa jambo lenyewe. Leena, binti wa Kamal fundi cherehani, anarudi kwake Harrow, huko huko London. Nimempa kopo la bisikuti akuletee. Juu kuna visheti, chini ya visheti kuna bega la Babu Feruzi. Unalijua: kile kipande kilichokaa begani kwenye koti la jenerali wa Kijerumani, ambacho Mama alikuwa akitutolea siku za Idi tukakitazama bila kugusa. Babu yake Mama alikuwa dobi wa jenerali huyo wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza. Siku ya kuachana, jenerali alilikata begani kwake akampa mkononi. Ndivyo tulivyoambiwa na sijapata kutilia shaka.

Lakini mji una midomo. Wanasema Babu alikuwa hamali tu, jenerali hakumwona hata kwa mbali, na kwamba bega lenyewe ni pambo la mpiga tarumbeta wa bendi. Sasa kuna kamati inayotengeneza jumba moja la enzi za Wajerumani liwe nyumba ya kumbukumbu. Ufunguzi ni Jumamosi, tarehe 20 Septemba. Bega litapewa kabati la kioo, na jina la Feruzi bin Mabruki litaandikwa ukutani, iwapo tu mtaalamu ataandika cheti kwamba ni la jenerali kweli. Huku sijampata wa kuandika. London hawakosi.

Moja, usimwachie mtu alale nalo. Mbili, usimwambie yeyote. Tatu, Riyadh asiliguse.

Mwenyekiti wa kamati ni Zahid. Najua. Sikumchagua mimi.

Kaka yako,
Sajini Mbarouk


Wembley, London
16 Februari 2025

Kaka Mbarouk, shikamoo.

Waalaykum salaam. Mishono ilikuwa sita. Nadhani wa saba ulihesabu fundo, lakini ukitaka kumshtaki Leena, shauri yako. Visheti ndiyo vilipungua, na amekiri mwenyewe: alivila ndani ya ndege. Mafuta yalifika tangu Novemba na nilimwambia wifi, mwambie aangalie simu yake.

Sisi wazima. Bado naenda Harrow kila asubuhi kwa wazee wangu. Nawaogesha, nawapa dawa, nawasikiliza. Siku za mechi barabara za hapa hufungwa na mimi hutembea kwa miguu. Riyadh amepata kazi uwanjani, anavaa koti la njano na kuwaelekeza watu kwenye viti vyao. Kiswahili anakisikia chote ila akijibu anajibu Kiingereza. Nilipofungua kopo aliniuliza kwa nini familia ya Kiislamu ya Tanga inaficha mambo ya Hitler chini ya visheti. Nikamwambia huyu ni wa zamani kuliko huyo, ni wa Kaiza, mfalme wao wa vita vya kwanza. Hakuligusa. Alilipiga picha tu.

Mtaalamu nimempata. Anaitwa Tatiana, ana chumba chake cha kazi Tooting, nyuma ya maduka ya vitambaa ya Wahindi. Kazi yake ni kupima sare na alama za vyeo vya majeshi ya zamani, na watu wa makumbusho humpelekea vitu. Alivaa glavu, akaliweka chini ya kioo cha kukuzia. Kisha akasema anahitaji wiki tatu. Najua ulivyoniagiza, lakini hakukubali kufanya kazi mimi nimemsimamia kichwani. Nimemwachia. Risiti ninayo, ina picha ya bega mbele na nyuma.

Jambo moja, Kaka. Nilipolitoa nilishtuka kuona nyota. Bega la Idi ninalolikumbuka mimi lilikuwa nyuzi tupu: mbili za dhahabu, katikati wa fedha wenye vitone vyeusi, chini kitambaa chekundu. Nyota siikumbuki kabisa. Au ni utoto?

Kuhusu Zahid, umemtaja mwishoni kama mtu aliyedondosha kitu akapita. Sina neno naye. Ana wajukuu sasa, nasikia.

Mdogo wako,
Mwanabaraka


Chumbageni, Tanga
9 Machi 2025

Mwanabaraka,

Marahaba, na Ramadhani karimu. Tumeanza vizuri, wifi yako anapika uji wa pilipili manga kila futari na mimi nakunywa bila kulalamika, jambo ambalo limemtia wasiwasi. Goti vile vile.

Nilishona mishono saba. Saba. Mimi ni mtu niliyehesabu mali ya jeshi miaka kumi na mbili, siwezi kuhesabu fundo. Huyo Leena mwangalie.

Umefanya hasa nililokukataza. Wiki tatu ni muda wa kutengeneza mabega matatu. Kuna mafundi huko, wewe mwenyewe uliniambia hakuna kisichotengenezwa London. Na picha za Riyadh zimekwenda wapi? Mwambie azifute mbele yako.

Nyota ilikuwepo. Ulikuwa mtoto, tena ulikuwa ukikaa nyuma. Hilo tusilirudie.

Labda hujui kwa nini nahangaika hivi, maana umekaa mbali miaka mingi na mbali kunasahaulisha. Mimi sijasahau. Tangu 1993 nilipoachishwa jeshi, ati bohari niliyokabidhiwa imepungua vitu, nikipita barazani watu hunyamaza. Sikushtakiwa, maana hawakuwa na ushahidi, lakini hawakunisafisha pia. Mama ndiye aliyenisafisha. Alikwenda nyumbani kwa kina Zahid, wewe ukiwa mchumba wake, akaweka mkono juu ya Msahafu akaapa kwamba mwanawe hakuchukua kitu. Nao wakaleta habari kuwa ndoa haipo. Walimwambia Mama, usoni, kuwa damu ya dobi ni damu ya kukusanya nguo za watu.

Kwa hiyo jina la Babu likipanda ukutani, si la Babu peke yake. Itajulikana kwamba nyumba hii haikusema uongo. Nina miaka sitini na minne, nataka kupita barazani nisalimiwe.

Fanya haraka.

Sajini Mbarouk


Wembley
13 Aprili 2025

Kaka yangu, shikamoo, na Idi njema iliyopita.

Tulisali uwanjani Harrow, kwenye nyasi zenye umande, nikarudi na soksi zimelowa. Nilipika pilau, Riyadh akaleta wenzake watatu wa kazini wakalimaliza na ukoko. Mzee wangu mmoja amefariki, yule mwalimu wa Nairobi niliyekusimulia, Mzee Darshan. Binti yake, Reshma, alinipa shali yake. Nimelia zaidi ya nilivyotarajia.

Sijasahau chochote cha mwaka ule. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na khanga za harusi zilikuwa zimeshakatwa. Usiniambie kwamba mbali kunasahaulisha.

Tatiana ameniita. Alinikalisha akanisomesha vyeo vya majenerali wa Kijerumani mpaka chai ikapoa, na mimi nakuandikia alivyosema.

Katika jeshi la Kaiza, jenerali wa chini kabisa alikuwa meja jenerali. Brigedia kama wetu hawakuwa naye; huyo wamekuja kumweka baadaye sana, walipounda jeshi jipya baada ya vita vya pili. Juu ya meja jenerali yupo luteni jenerali. Kisha jenerali kamili, anayeitwa jenerali wa askari wa miguu, au wa farasi, au wa mizinga, kulingana na alikotokea. Kisha yupo wanayemwita kwa lugha yao jenerali kanali, na juu ya wote ni jemadari mkuu. Nyuzi zao za begani zinafanana. Kinachowatenganisha ni nyota, na hapo ndipo penye kasheshe: meja jenerali hana nyota. Hata moja. Ya kwanza anaipata luteni jenerali, wa juu yake mbili, jenerali kanali tatu, na jemadari mkuu ana fimbo mbili zilizopishana. Bega tupu ni la jenerali mzima, halijapungukiwa na kitu.

Anasema tena kwamba huko kwetu majenerali walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Hata aliyeongoza jeshi zima alianza vita akiwa luteni kanali tu. Na chini yake akapokea amri jenerali mzee mstaafu, aliyekuja kumtembelea mwanawe, vita vikamfungia njia ya kurudi. Nilicheka, nikakuwaza wewe, maana ungekufa kabla hujampigia saluti mtu wa cheo cha chini. Lakini luteni jenerali aliyekuwa kazini huko wakati wa vita, Tatiana hajapata kumsoma popote.

Kwa hiyo, Kaka, nyuzi ni za kweli, kitambaa ni cha kweli, ila nyota moja inalifanya bega zima kuwa la mtu ambaye hakuwepo. Cheti hataandika. Aliniuliza swali moja: nani ameweka nyota hii? Nami nakuuliza wewe, maana tangu Mama afariki 2009 bega limekaa kwenye kabati lako.

Mwanabaraka


Chumbageni, Tanga
4 Mei 2025

Mwanabaraka,

Salaam. Pole kwa mzee wako. Hapa mvua ya masika imetoboa bati la jikoni.

Nimesoma barua yako mara nne na kila mara inazidi kuninukia. Nimevaa sare miaka kumi na mbili. Luteni usu, kijana aliyetoka kozi jana, ana nyota. Kapteni ana nyota. Kanali ana nyota. Halafu mwanamke wa Tooting anakwambia jenerali mzima, mwenye watu elfu nyuma yake, bega lake tupu, na wewe unakaa unakunywa chai unaamini. Askari atajuaje ampigie nani saluti?

Nakwambia ninavyoona. Bega nililompa Leena lilikuwa la kweli na lilikuwa kamili. Kama lililoko mezani kwa huyo mama lina kasoro, basi limebadilishwa. Lilipita mikono ya Leena, yako, ya mwanao mwenye kupiga picha, na ya huyo Tatiana, aliyekaa nalo wiki nane, si tatu. Mmoja wenu anajua. Sisemi ni wewe. Ila ungekuwa umeliuza, barua ambayo ungeniandikia ingefanana sana na hii uliyoniandikia.

Zahid amenikuta msikitini. Alisimama mbele za watu akaniuliza cheti kiko wapi, na kama nina hakika kitakuja. Akatoa sharti jipya: siku ya ufunguzi cheti kitasomwa chote, neno kwa neno, kwa Kiswahili, kama tunavyosoma wasifu wa marehemu. Hataki muhtasari wangu. Nikamjibu, na kisomwe, tena kwa kipaza sauti.

Alikuuliza hali pia. Nikamwambia ni mzima.

Nataka bega langu, lile lile nililolitoa mimi.

Sajini Mbarouk


Wembley
29 Juni 2025

Kaka Mbarouk,

Assalaam alaykum. Sisi wazima.

Nilikaa wiki sita bila kukujibu kwa sababu kila nilichoandika nilikichana. Umeniita mwizi kwa maneno ya kuzunguka. Umemtia na mwanangu. Riyadh aliniona nikilia na barua mkononi, akauliza mjomba wake amesema nini, nikamwambia bati la jikoni linavuja.

Nilirudi Tooting na risiti yangu. Picha ya siku ya kwanza na bega lililoko mezani ni kitu kimoja, mpaka uzi uliokatika pembeni. Halijabadilishwa. Kisha Tatiana akaomba ruhusa aitoe nyota. Nikampa ruhusa hiyo bila kukuuliza.

Chini ya nyota nyuzi zimefifia sawasawa na kwingine kote. Alinieleza maana yake: nyota ingekaa pale miaka mia, au hata kumi, ingezikinga nyuzi na mwanga, zingebaki na rangi yake. Na tundu la pini ni jipya, halina vumbi wala kutu. Imepachikwa juzi juzi.

Akaigeuza. Nyuma yamegongwa maneno madogo: MALI YA JESHI. Aliniuliza hiyo ni lugha gani.

Nikamwambia sijui.

Miaka thelathini niko nchi hii, nimeulizwa ninatoka wapi na watu wa kila namna, na sijapata kuikana lugha ya Mama. Nilimwambia sijui, nikatazama ukutani.

Nakumbuka siku ile maofisa wawili walipokuja nyumbani na karatasi, wakamsomea Mama vitu vilivyopungua bohari. Jozi arobaini za buti. Makoti ya mvua. Kisanduku kimoja cha nyota za maofisa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya kahawa.

Sikuulizi swali lolote. Nakupa tu maneno ya Tatiana. Anasema bila nyota hili ni bega la meja jenerali, la kweli, na yuko tayari kuweka sahihi. Lakini tundu lipo, na yeye hataficha tundu. Anataka maelezo yaliyoandikwa na kutiwa sahihi na aliyeipachika: ni nani, lini, na nyota ilitoka wapi. Maelezo hayo yataingia ndani ya cheti.

Na cheti, umesema mwenyewe, kitasomwa chote.

Mwanabaraka


Chumbageni, Tanga
20 Julai 2025

Mwanabaraka,

Barua imefika. Bati tumeziba.

Lirudishe bega kama lilivyo, na nyota yake. Maelezo sina. Nitamwambia Zahid kwamba London wameshindwa, na jina la Babu liachwe. Amekaa miaka mia bila ukuta, hajalalamika.

Mwambie Riyadh namsalimu.

Mbarouk


Chumbageni, Tanga
8 Agosti 2025

Mdogo wangu Mwanabaraka,

Nilipokwenda kumwambia Zahid, hakushangaa. Hilo ndilo lililonikata. Alitikisa kichwa taratibu akasema, "Basi, Mbarouk, tulijua," akarudi kwenye hesabu zake za viti. Katika orodha iliyokuwa mezani kwake jina la Babu lilikuwa limeshachorwa mstari. Nilitembea mpaka nyumbani na goti hili bovu, nikakaa siku tatu bila kusema na wifi yako, kisha nikachukua kalamu. Maelezo haya hapa chini. Nimeandika kama tulivyofundishwa kuandika.

MAELEZO
Mimi, Mbarouk bin Athumani, niliyekuwa sajini mtunza bohari, naandika haya kwa hiari yangu. Bega hili nililipokea mwaka 2009, mama yangu alipofariki. Halikuwa na nyota. Nilidhani nyota imedondoka, kwa kuwa sikujua kwamba kuna jenerali asiye na nyota. Niliipachika mimi, kwa mkono wangu, mwezi Desemba 2024, ili kamati isione pengo. Nyota hiyo ni mali ya jeshi. Niliichukua bohari mwaka 1993 pamoja na nyingine ishirini na tatu, ndani ya kisanduku kimoja. Buti na makoti sikuchukua na sijui nani alichukua.
(Sahihi) Mbarouk bin Athumani

Sasa nakuandikia wewe.

Niliomba kozi ya uofisa mara tatu. Mara tatu nikaambiwa umri, elimu, nafasi. Vijana niliowafundisha kufunga buti walirudi kwangu bohari wakiwa maofisa, nikawahesabia nyota zao na kuwawekea mkononi. Kile kisanduku sikukichukua ili niuze. Nilikipeleka chumbani kwangu, nikafunga mlango, nikaziweka begani mbele ya kioo. Mtu mzima, Mwanabaraka. Naona haya kuiandika hii kuliko hayo ya juu.

Walipokuja kuniuliza, waliuliza vyote kwa pamoja: buti, makoti, nyota. Nikajibu sikuchukua. Ningesema nyota ndiyo, buti hapana, nani angeniamini? Nikamjibu Mama vivyo hivyo. Sikujua kama angekwenda kwa kina Zahid. Aliporudi akaniambia ameapa, nilikuwa nakula. Niliendelea kula. Ningeweza kusema siku ile, na kesho yake, na siku yoyote katika miaka kumi na sita aliyoishi baadaye. Sikusema.

Kina Zahid walipokuacha nilizunguka mji mzima nikiwatukana. Hawakukosea. Walikosea kuhusu Babu tu.

Na wewe nilikuita mwizi kwa sababu uliikaribia nyota.

Maelezo haya yapo kwako peke yake. Ukiyapeleka kwa yule mama, Babu atapata ukuta wake na mimi nitasomwa kwa kipaza sauti. Ukiyachana, nitakuelewa, na sitauliza. Amua wewe.

Kaka yako,
Mbarouk


Wembley
31 Agosti 2025

Kaka Mbarouk,

Assalaam alaykum. Riyadh mzima, mimi mzima.

Niliisoma barua yako ndani ya basi nikienda Harrow, nikapitiliza kituo, mzee wangu akachelewa kunywa chai na dawa, na binti yake amenisemea kazini. Nakwambia ili ujue siku ilivyokwenda.

Nimekasirika. Naliandika neno lenyewe usije ukahangaika kulitafuta katikati ya mistari. Si kwa ajili ya Zahid. Nisingemkosa Zahid nisingempata baba yake Riyadh, Mungu amrehemu, wala Riyadh, na hao siwabadilishi na mtu. Ni Mama. Kila Ramadhani, mpaka ile ya mwisho, alikuwa akinipigia simu kuniambia Mungu atakulipia wewe uliyedhulumiwa. Nami nikiitikia amina. Na wewe ulikuwa umekaa pembeni yake unasikia.

Halafu unaniambia niamue mimi. Umefanya jambo zima peke yako, ukalificha peke yako, na mwisho wake unaniletea mimi nichague kati yako na Babu. Hata kuungama umeniachia nikumalizie.

Nilikaa nayo wiki nzima. Siku mbili za kwanza niliweka karatasi juu ya jiko nikitaka kuichoma, na sikujua kama naichoma ili kukusitiri au kukunyima nafasi ya kuungama. Siku ya nane nilipanda treni kwenda Tooting. Nilikaa na Tatiana nikamfasiria neno kwa neno, na kabla ya hapo ilibidi nimwambie kwamba ile lugha niliijua tangu mwanzo. Ameandika cheti. Bega ni la meja jenerali wa jeshi la Kaiza, la kweli. Maelezo yako yamo ukurasa wa pili, yote, na ile ya buti na makoti imo pia. Nilihakikisha imo.

Nimemtumia Zahid nakala kwa simu, pamoja na tafsiri yangu ya Kiswahili. Alijibu siku hiyo hiyo. Amesema jina la Feruzi bin Mabruki limerudi kwenye orodha, na kwamba atakisoma mwenyewe. Akaniuliza kama nataka ukurasa wa pili urukwe. Amesema anaweza kuuruka, na mtu hatajua. Nikamjibu, soma.

Nimeomba likizo. Nitafika Tanga Alhamisi, tarehe 18, na bega nimelibeba mimi mwenyewe. Mwambie wifi asipike kitu kikubwa. Chumba cha Mama nitalala mimi, usimweke mgeni.

Jumamosi vaa kanzu safi na uwahi. Zahid akifika ukurasa wa pili, watu wote watageuka kukutazama, na wewe utatazama mbele. Mimi nitakuwa nimekaa kiti cha kulia kwako. Usinishukuru, na usiniongeleshe mpaka nikuongeleshe mwenyewe.

Mwanabaraka